Chui Yuko Ndani, Ufunguo Uko Nje

Kila asubuhi Baba Pacha alimfungia mke wake kwa kufuli, na hakuna jirani aliyeona ajabu, maana ndiyo kazi iliyokuwa inawalisha wote wawili. Mke alikuwa mchambuzi wa nguo kuukuu. Mume alikuwa mlinzi wa mlango wa banda ambamo nguo hizo zilichambuliwa. Walitoka nyumbani pamoja wakibishana nani kasahau kufunika ndoo ya maji, na walipofika kiwandani Mama Pacha aliingia ndani na wenzake, Baba Pacha akarudishia milango miwili ya chuma, akasukuma komeo, akabana kufuli.

"Haya, Mama Pacha, kazi njema," alisema kwenye upenyo.

"Na wewe usisinzie," mkewe alijibu, na siku ikaanza.

Sababu ya kufuli ilikuwa wizi, au tuseme hofu ya wizi. Nguo zililetwa kwa marobota. Nzuri, walizoziita daraja la kwanza, ziliwekwa kando ziuzwe. Mbovu zilikatwa matambara ya kufutia mikono kwenye magereji. Msimamizi wa kiwanda aliamini kwamba mwanamke akiachiwa mlango wazi atatoka amevaa blauzi nne, moja juu ya nyingine. Kwa hiyo mlango ulifungwa mpaka saa ya chakula, na ukifunguliwa wanawake walipita mmoja mmoja wakipapaswa kiunoni na kifuani na dada mmoja wa ofisini. Ufunguo alikuwa nao Baba Pacha, umening'inia kwenye mkanda wake, lakini amri ilikuwa asiutumie mpaka Msimamizi awe amesimama mbele yake. Ukiuliza basi ufunguo alipewa wa nini, hata mimi nauliza hivyohivyo.

Mara moja tu aliutumia bila ruhusa. Siku hiyo joto lilizidi, na mwanamke mmoja waliyemwita Redio, kwa sababu alikuwa hazimiki, akapiga ukelele kwamba kuna nyoka. Baba Pacha akafungua. Nyoka alikuwa mkanda wa suruali. Wanawake walipunga upepo, wakacheka mpaka machozi, na kabla ya jioni furushi la makoti ya watoto likawa halionekani. Msimamizi alimwita Baba Pacha pembeni, akamwambia polepole, bila hata kukunja uso: "Ukirudia, unga wako umemwagika."

Nyumbani mkewe alimcheka pia. "Nyie wanaume! Umesikia nyoka, ukaangusha na kiti."

"Cheka tu. Mara nyingine siwafungulii hata mkilia damu."

"Mara nyingine ikiwa kweli nitakuita mimi mwenyewe," alisema Mama Pacha. "Ukisikia sauti yangu, ujue si mchezo."

Wakakubaliana hivyo, kwa utani, huku wakila.

*

Usiku mbwa wa mtaa wa viwanda walibweka sana, lakini mbwa wa huko hubweka hata wakiona karatasi. Hakuna aliyejali. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa, na nyuma ya machimbo vilima vya vichaka. Juu kwenye ukuta wa banda kulikuwa na tundu la hewa lililovunjika wavu, ambalo wanawake walikwisha kulilalamikia mvua ikiingia, wakaambiwa litashughulikiwa.

Asubuhi rundo la nguo lilikuwa kubwa, limefika karibu na tundu lile. Nafasi ya Mama Pacha ilikuwa upande wa ukutani, kwenye kona, kati ya rundo na marobota yaliyopangwa. Hakuipenda, maana hewa haikufika, lakini ndiyo aliyokuta wazi alipoajiriwa na hakuna aliyekubali kubadilishana naye. Wenzake walikaa upande wa mlangoni, wakichambua na kusengenya.

Sasa, wanawake wale walikuwa na sheria yao wenyewe ambayo hata Msimamizi hakuiweka. Aliyegusa kitu kizuri kwanza ndiye mwenyewe, hata kama mwingine alikiona mapema, na aliyepata koti la manyoya aliongezewa kidogo Jumamosi. Waliiita mkono wa kwanza. Urafiki ulivunjika kwa ajili ya mkono wa kwanza. Kwa hiyo Mama Pacha alipovuta shuka ya maua na chini yake akaona manyoya ya njano yenye madoa meusi, safi, yanang'aa, hakusimama kufikiri. Aliyashika kwa mkono mzima.

"Mkono wa kwanza!" alitangaza.

"Lipi hilo?" Redio alinyoosha shingo. "Loo, la chui! Mama Pacha leo kala kuku kwa mrija. Vuta tulione."

Mama Pacha akavuta. Koti halikuja. Alidhani limelaliwa na nguo, akavuta tena, na ndipo alipohisi kwamba lina joto. Kwanza akafikiri ni jua. Halafu akakumbuka kwamba pale alipokaa jua halijawahi kufika. Kisha koti likapanda na kushuka taratibu chini ya kiganja chake, jinsi tumbo la mtoto linavyopanda akiwa amelala, na mwanamke yule akajua ameshika nini.

Aliachia kidole kimoja kimoja. Chui akainua kichwa kutoka kwenye mashati, macho bado mazito ya usingizi, akamtazama. Walikuwa karibu kiasi kwamba Mama Pacha alisikia pumzi yake usoni, pumzi nzito ya nyama, na aliona kovu dogo juu ya pua yake. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa umeshagusa ukuta. Kulia marobota, kushoto rundo, na mbele mnyama. Alitamani mwili wake uwe mdogo, upite kwenye ufa.

Upande wa pili wanawake walikwisha kuona. Viti vikaanguka. Walikimbilia mlangoni wote kwa pamoja, wakaanza kuupiga kwa viganja.

*

Nje Baba Pacha alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya. Aliposikia kelele aliguna tu.

"Fungua! Baba Pacha, kuna chui!" Ilikuwa sauti ya Redio.

"Aa. Mara hii ni chui," akasema. "Juzi nyoka, leo chui. Kesho mtaniletea tembo."

"Wallahi chui! Fungua, tunakufa!"

"Redio, mimi nina watoto wa kusomesha. Msimamizi kaenda benki, yuko njiani. Akija atafungua, mtamwonyesha huyo chui wenu."

Mlango ulitikisika. Walipiga zaidi, mwingine akawa analia kweli, na Baba Pacha akasimama, maana kilio hicho hakikumkaa vizuri. Lakini alikumbuka furushi la makoti ya watoto. Alikumbuka na uso wa Msimamizi usio na hata kunyanzi.

"Mke wangu yumo humo," alisema karibu na upenyo. "Kama kuna chui, mbona yeye hasemi? Mwiteni aniambie mwenyewe."

Mama Pacha aliyasikia maneno hayo yote. Alisikia na jinsi kiti kilivyokwaruza sakafu. Lakini kila Redio alipopiga kelele chui alilaza masikio, akatazama mlangoni, akarudisha macho kwake yeye aliyekuwa karibu, na ngozi ya mabega yake ikaanza kucheza. Angepiga ukelele mmoja tu, angekuwa amekwisha. Mumewe alikuwa anangoja sauti yake, na sauti ndicho kitu pekee ambacho hakuweza kukitoa. Machozi yalimtoka bila yeye kulia.

Akainua mkono taratibu, akaweka kidole mdomoni. Wenzake wakamwona. Redio, ambaye mume wake mwenyewe hajawahi kumnyamazisha, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Banda likatulia.

"Baba Pacha," alisema Mama Pacha, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi. "Ni mimi. Kuna chui. Fungua."

Tusimfichie Baba Pacha: alisikia. Alisikia neno kwa neno. Ufunguo ulikuwa mkononi na kufuli mkono wa pili. Ila sauti ilikuwa tulivu mno, si sauti ya mtu anayetazama chui. Ikampitia kwamba labda wenzake wamemtia maneno, labda wanamcheka wote humo ndani. Na hata hilo silo lililomzuia. Kilichomzuia ni kwamba aligeuza shingo akaangalia getini. Alisikia gari. Akasema moyoni, huyo ni Msimamizi, ngoja aingie afungue mwenyewe, nisimwage unga kwa mikono yangu. Gari lilipita, lilikuwa lori la kokoto. Akaangalia getini tena.

Ndani mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, akakwama na kwikwi. Chui akatoa sauti ya kukwaruza, msumeno kwenye mbao mbichi, akasimama, akarusha mkono. Mama Pacha hakuona kitu. Alihisi bega limepigwa na kitu kizito, halafu likawa la moto, halafu akawa chini kwenye nguo huku tumbo jeupe la mnyama liko juu yake.

"Mume wangu!" alilia. Hajawahi kumwita hivyo mbele za watu.

Baba Pacha akafungua. Komeo lilipiga ukuta, mlango ukaachama, na mwanga ukaingia mpaka kona ya mwisho. Chui alipita juu ya wanawake waliolala kifudifudi, akapita magotini kwa Baba Pacha karibu kiasi kwamba mkia ulimchapa paja, akaruka kwenye marobota ya uani, kutoka hapo ukutani, na kutoka ukutani machimboni. Hakutaka kitu kingine tangu mwanzo ila mlango.

*

Gari la Msimamizi liliingia wanawake wakiwa wamejazana uani, wengine wamekaa chini, wengine wanatapika. Alishuka, akautazama mlango uliokuwa wazi.

"Nani kafungua?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Wakamweleza wote kwa pamoja. Alionyeshwa tundu, alionyeshwa manyoya, alionyeshwa bega la Mama Pacha, ambalo Redio alilikandamiza kwa shati jeupe alilolichota rundoni. Msimamizi alipangusa jasho. Alikuwa amepauka kweli, siwezi kumwonea. Lakini mtu aliyezoea jambo moja hulifanya hata nyumba ikiungua.

"Haya, aende hospitali. Na wengine mtapumzika leo," alisema. "Mpite kwa dada mpekuliwe, halafu mwende."

"Tupekuliwe?" Redio aliuliza. "Sasa hivi?"

"Ni utaratibu tu. Hauchukui muda."

Wakapanga mstari. Mama Pacha alitangulizwa, mumewe amemshika kiuno. Dada wa ofisini alimpapasa upande mmoja, akaogopa upande wenye damu, akamtazama Msimamizi. "Na hili shati?"

Msimamizi alilitazama. "Hilo ni daraja la kwanza. Mpeni tambara."

Dada akaenda, akarudi na tambara. Redio akalibandua shati, likatoka na uzi wa damu, akaliweka tambara mahali pake. Shati likatupwa kwenye ndoo. Hakuna wa kulinunua tena lile, kila mtu aliliona. Baba Pacha alisimama pale akimshikia mkewe tambara begani. Aliona aibu. Alijua neno la kwanza likimtoka ataulizwa yeye kwa nini alichelewa.

*

Hospitali nesi alisafisha jeraha, akashona. "Kakwaruzwa na nini huyu?"

"Chui," alisema Baba Pacha.

"Chui wa wapi?"

"Wa kazini."

Nesi alimtazama mume, akamtazama mke, akaamua kutouliza zaidi. Alipotoka kutafuta bandeji, Mama Pacha akageuza kichwa kwenye mto.

"Baba Pacha. Nilikuita mara mbili."

Alikuwa hajajiandaa. Ulimi ukamtangulia. "Kufuli lilikwama."

"Lilikwama?"

"Lilikwama. Nilizungusha, likagoma."

Mama Pacha alifumba macho, na uso wake wote ukalegea. "Nilijua tu," alisema. "Nilisema mwanaume huyu hawezi kunisikia akakaa. Pale chini nilipokuwa, unajua nilichoogopa kuliko chui? Kufa nikiwa nadhani umekaa tu."

Baba Pacha alimshika mkono mzima, akatazama sakafu.

Uongo ule ulipata miguu. Majirani walipokuja kumpa pole mgonjwa, Mama Pacha ndiye aliyesimulia, na kila alipofika mahali pa kufuli alisimulia kwa fahari: jinsi mume wake alivyohangaika nalo, jinsi vidole vilivyomtoka malengelenge. Malengelenge aliyaongeza mwenyewe. Mabinti zake mapacha wakaigiza uani, mmoja chui, mmoja baba na kufuli bovu. Fundi baiskeli wa jirani alimletea Baba Pacha kichupa cha mafuta. "Kufuli, mzee wangu, lazima ulitie mafuta," alimwambia. "Usiku wa kuamkia Jumatatu, tone moja tu." Baba Pacha alishukuru, akakiweka dirishani. Kila mgeni alipobisha hodi yeye alikumbuka kwamba maji yameisha, akachukua ndoo akatoka.

Alimhudumia mkewe mpaka ikawa kero. Alipika, alifua, alimchana nywele. "Hebu niache kidogo," Mama Pacha alicheka. "Utafikiri wewe ndiye uliyenikwaruza."

Hakucheka naye.

Kisha habari za chui zikafika mjini, mwenye kiwanda akasikia, na mwenye kiwanda akiudhika lazima mtu apatikane. Msimamizi alimpigia Baba Pacha simu. Hakumwita hata ofisini.

"Umeaibisha kiwanda, huna kazi tena. Mlinzi gani anasikia watu wanalia, anakaa?"

"Bosi, si wewe uliyesema nisifungue?"

"Nilisema wapi? Una maandishi?"

Hakuwa nayo. Simu ikakatwa. Alibaki ameishika sikioni kitambo, mapacha wakadhani bado anaongea, wakanyamaza kwa adabu.

*

Wanawake waligoma. Hawakupanga kugoma; walifika tu asubuhi kiwanda kilipofunguliwa tena, wakaona mlinzi mgeni kasimama na kufuli, miguu ikakataa kuingia. Walikaa nje ya geti siku nzima na ya pili yake. Redio alikuja kumweleza Mama Pacha, amekaa kitandani kwake bila kukaribishwa kama kawaida yake.

"Tumemwambia mlango ubaki wazi. Kasema haiwezekani. Tumemwambia basi tundu lizibwe. Limezibwa. Lakini kufuli, shoga yangu, mimi nikilisikia linabana, namwona chui."

"Mtakaa getini mpaka lini?"

"Hapo ndipo penyewe," alisema Redio, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nyumbani kwangu wameshaanza kuniuliza."

Siku ya tatu Msimamizi alimwita Mama Pacha. Alimpa kiti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mchambuzi yeyote.

"Bega vipi?"

"Halinyanyuki, bosi. Daktari kasema huenda lisinyanyuke tena."

"Pole sana. Basi kuchambua hutaweza." Aliliacha hilo likae kidogo. Mama Pacha alijua tangu hospitali kwamba neno hilo litakuja, lakini kulisikia kwa mtu mwingine kulimkata maini. Mume hana kazi, yeye hana bega, mabinti wawili wanakula. "Nami sitaki kukuacha hivihivi. Wenzako wanasema shida ni kufuli. Si kufuli. Ni mtu. Walikuwa na mlinzi asiye na akili."

"Ni mume wangu, bosi."

"Nisamehe. Walikuwa na mlinzi aliyebabaika. Wewe hukubabaika. Mwenyewe umeshikana na chui." Alifungua mtoto wa meza, akatoa kufuli na ufunguo, akaviweka mbele yake. "Kazi hii haihitaji mikono miwili."

Mama Pacha alilitazama. Hajawahi kuliona upande huo. Miaka yote alilijua kwa sauti yake tu.

"Na amri?"

"Amri ni ileile. Mpaka nifike."

"Chui akirudi?"

"Tundu limezibwa."

"Ukiwaka moto je?"

"Mama Pacha," alisema Msimamizi kwa upole, "unataka kazi au unataka mjadala?"

Mama Pacha alinyoosha mkono wake mzima, akalichukua. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Getini wenzake walikwisha kuambiwa. Walisimama wakijipangusa vumbi, wengine wanatabasamu. Redio alimkumbatia upande usio na bandeji.

"Kama ni wewe tunaingia," alisema. "Wewe umo ndani hata ukiwa nje. Nikikuita unafungua, si ndiyo?"

"Kwa nini nisifungue?"

"Niambie tu."

"Nitafungua, Redio."

"Basi kesho," alisema Redio, na wote wakaenda nyumbani wamefarijika.

*

Alimkuta Baba Pacha anafua sare za mapacha kwenye beseni mlangoni. Jua bado lilikuwepo. Mabinti walikuwa nyuma ya nyumba, sauti zao zinasikika. Mama Pacha alipita, akakaa kwenye kiti, akatoa kufuli mkobani, akaliweka mezani katikati ya vikombe.

Baba Pacha aliliona kutoka mlangoni. Mikono yake ikasimama ndani ya povu.

"Nimepata kazi," alisema mkewe. "Kazi yako. Usinichukie. Nimeangalia kila upande, sioni tutapitia wapi."

"Sikuchukii."

"Wenzangu wamekubali kwa sababu ni mimi. Nimemwahidi Redio." Alikuwa anaongea haraka, amechangamka kidogo, mtu aliyefika na habari nzuri na mbaya kwa pamoja. "Sasa nisaidie. Nipe kile kichupa cha fundi hapo dirishani, nilitie mafuta. Halafu unionyeshe linakwamia wapi. Sitaki kesho litugomee na mimi."

Baba Pacha alijipangusa mikono kwenye suruali. Alichukua kichupa, akaja nacho mezani, akakaa. Alilishika kufuli, akaweka ufunguo. Angeweza kuzungusha vibaya makusudi. Angeweza kusema, hapa, ukifika hapa liinue kidogo. Mkewe angefuata kidole chake, angeshukuru, na maisha yangeendelea. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alimwona alivyokaa, bega moja juu, moja chini, anamtazama mikono kwa imani, na kesho wanawake wote wale wako upande wa pili wa mlango. Akalirudisha mezani.

"Halikwami," alisema.

"Nini?"

"Halijawahi kukwama."

Mama Pacha hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na mkono wake mzima ukaenda begani peke yake.

"Nilikuita mara mbili."

"Nilisikia zote mbili."

"Ya kwanza ulikuwa wapi?"

"Hapohapo mlangoni. Ufunguo mkononi."

"Unafanya nini?"

"Naangalia getini."

Aliuliza tena, polepole, na Baba Pacha akajibu tena yaleyale, hakuongeza wala kupunguza. Alimweleza lori la kokoto. Alimweleza kwamba baada ya lori aliangalia tena. Mama Pacha alimchukia. Alimchukia kwa moyo wote, na alijichukia mwenyewe kwa malengelenge aliyoyaongeza mbele ya majirani, na zaidi ya yote aliumia kwamba hata sasa hakuweza kusema ondoka, kwa sababu kesho alfajiri yeye anakwenda kazini na huyu ndiye atakayewaandaa watoto. Alilia kidogo, kimya, mabinti wasisikie.

Alipomaliza alijipangusa uso kwa kanga.

"Mimi sitaangalia," alisema. "Wakiniita, siangalii geti wala nini. Nafungua."

Baba Pacha alimtazama. Hakukuwa na ubishi usoni pake.

"Na mimi ungeniuliza asubuhi ile ningekujibu hivyohivyo," alisema. "Sikujua kama nitaangalia."

Nyuma ya nyumba mapacha walikuwa wanagombania nani awe chui. Mama Pacha alichukua kufuli, akalitia mkobani, akaanza kufunga zipu. Mkono mmoja hautoshi kwa zipu. Mkoba ulikuwa unakimbia mezani. Baba Pacha akainuka amshikie.

"Acha," alimwambia, akaubana mkoba kwa kidevu, akaendelea kuvuta.